Mistari ya Bonge na Sindano

Fundi seremala hakuweza kuona kitu bila kukipima. Mkewe alipojifungua mapacha wa kike, majirani walicheka, wakasema sasa fundi atapima watoto.

Na kweli aliwapima. Kila mwezi mama pacha aliwapeleka watoto kliniki kupimwa uzito. Akirudi, mumewe alitoa nyuma ya sikio penseli yake ya ncha mbili, nyekundu na buluu, akaweka alama kwenye kipande cha plaiwudi ukutani. Chini aliandika miezi ya umri wao. Kushoto aliandika kilo. Mstari mwekundu ulikuwa wa Bonge, aliyezaliwa mnene. Wa buluu ulikuwa wa Sindano, aliyezaliwa mwembamba kama jina lake.

Mwezi wa tisa, fundi alipounganisha alama, aliona mistari imekatana. Wa buluu umevuka juu. Akaingiwa na hofu. Katika kazi yake, mistari miwili ikikutana hapo ndipo pa kutoboa. Maana nyingine hakuijua, akaona mmoja anamtoboa mwenzake.

"Mama pacha," alisema, "Sindano anamlia mwenzake chakula. Mpunguzie uji, mwongezee Bonge."

Mkewe alikataa. Fundi akamwonyesha ubao, akabishana mpaka mama wa watu akachoka. Bakuli la Sindano likawa nusu. Mtoto alimaliza, akalamba kijiko, akalia. Mama yake aliumia sana, lakini ubao ulikuwa ukutani na mume alikuwa mbishi.

Mwezi wa kumi mistari ilikatana tena. Sasa mwekundu ulikuwa juu. Fundi alitabasamu siku nzima.

Wiki hiyo alipita mhudumu wa afya, dada anayetembelea nyumba zenye watoto wadogo. Aliusifia ubao, kisha akaufuata mstari wa buluu kwa jicho. Akauliza Sindano anakula nini. Mama pacha akaeleza yote, wala hakumficha mumewe.

Mhudumu akavuta kigoda karibu na ukuta.

"Fundi, weka kidole pale mistari ilipokutana mara ya kwanza. Shuka wima mpaka chini. Ni mwezi gani?"

"Wa nane."

"Rudi hapo hapo. Sasa nenda kushoto. Kilo ngapi?"

"Nane na gramu mia mbili."

"Za mtoto yupi?"

Fundi alisogea karibu. Akatazama ubao tena.

"Za wote wawili," alisema polepole.

"Basi. Makutano yanakwambia hilo tu. Mwezi wa nane uzito wao ulikuwa sawa. Kabla ya hapo Bonge alikuwa mzito zaidi, baada ya hapo Sindano. Je, mstari wa Bonge ulishuka?"

"Haukushuka. Ulikuwa unapanda."

"Basi hakuibiwa kitu. Alipanda polepole, mwenzake akapanda haraka. Haya, mwezi huu imekatana tena, na wewe ukafurahi. Hebu fuata wa buluu. Unaelekea wapi?"

Fundi aliufuata kwa kidole. Kilo nane na gramu mia tisa mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi, hizo hizo.

"Umelala," alisema.

"Umelala kwa sababu mtoto ana njaa. Ukitaka kujua kama mtoto anakua vizuri, fuata mstari wake mwenyewe."

Fundi aliona aibu. Alisema amemnyima mwanawe chakula kwa alama aliyoichora mwenyewe. Mhudumu hakumgombeza. Aliwaambia wampe Sindano uji mzito wenye karanga zilizosagwa laini, aendelee kunyonya, na wampeleke kliniki wiki ile ile. Mama pacha naye hakusema "nilikwambia". Alileta bakuli lililojaa, akamkabidhi mumewe kijiko.

Mwezi wa kumi na moja Bonge alikuwa na kilo tisa na gramu mia nne. Sindano alikuwa na tisa na nusu. Mistari ikakatana mara ya tatu.

Mteja aliyekuja kuchukua stuli yake aliutazama ubao.

"Hapa inapokatana, nani ameshinda?"

"Hakuna mshindi," alisema fundi. "Hapo walikuwa sawa. Na ona, wote wawili wanapanda."

Ndani, Sindano alikuwa anagonga bakuli tupu. Fundi alirudisha penseli nyuma ya sikio, akaenda kumwongezea.