Barua Ndani ya Ndoo ya Mchele

Eufrasia alitumbukiza kikombe kwenye ndoo ya mchele. Kikagonga kitu. Akachimba kwa vidole, akatoa bahasha ya kahawia iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na jina la mume wake.

"Method! Siku hizi tunapika barua?"

Method alikuwa sebuleni, bado amevaa sare yake ya udereva wa basi. Alipoiona ile bahasha, uso ulimsawijika.

"Imetoka ofisi ya kodi," alisema. "Ina wiki tatu."

Eufrasia alivuta kiti akakaa.

"Wanataka nini?"

"Wanasema mwaka wa kodi uliopita niliweka pesa nyingi mno kwenye akaunti za ISA. Mwisho ni pauni elfu ishirini kwa mwaka. Eti mimi nimeweka elfu ishirini na moja."

"Elfu ishirini na moja! Tumezitoa wapi? Sisi tuna elfu kumi na nne tu!"

"Ndicho kinachonitisha, mama Angel. Watauliza elfu saba nyingine nimezificha wapi."

ISA ni akaunti ya akiba ambayo faida yake haikatwi kodi. Humo ndimo walimoweka jasho lao la miaka kumi na moja: Method akiendesha basi huku ughaibuni, mjini Ilford, mkewe akiwaogesha wazee kwenye makao ya wazee. Pesa hizo ndizo zingekuwa malipo yao ya kwanza ya nyumba. Hawakuwa na nyingine.

Eufrasia sasa alielewa mengi. Kwa wiki tatu mumewe alikuwa hali vizuri. Kengele ya mlango ikilia, alichungulia kwanza pembeni ya pazia. Juzi binti yao, Angel, alimcheka: "Baba, ni mtu wa pizza!" Lakini Method hakucheka.

"Nimeshaamua," Method alisema, akitoa simu mfukoni. "Natoa zote leo. Namtumia kaka Bukoba. Wakija wasikute kitu."

Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya kioo. Eufrasia aliipokonya ile simu.

"Hubonyezi kitu! Kwanza twende kwa Bhavini."

"Jirani ajue kwamba natafutwa?"

"Afadhali ajue jirani kuliko ijue ndoo ya mchele. Simama!"

Bhavini alikuwa mhasibu. Alizaliwa Mwanza, akakulia huko mpaka akamaliza shule, na Kiswahili chake hakikuwa na kutu. Aliwaketisha jikoni, akaisoma barua yote polepole. Method alimtazama kama mtu anayesubiri hukumu.

"Shemeji, kuna pesa uliitoa, halafu ikarudi?"

Method aliinamisha kichwa.

"Msiba wa Geofrey," alisema. "Mwezi wa nane. Mimi ndiye mweka hazina wa jumuiya yetu. Mwili ulitakiwa usafirishwe nyumbani, na michango ilikuwa haijatimia. Ningemwacha mwenzetu chumba cha maiti? Nikatoa elfu saba kwenye ISA yangu. Watu wakachanga taratibu, mwezi wa kwanza nikarudishiwa zote. Nikaona benki nyingine inatoa riba nzuri zaidi. Nikafungua ISA huko, nikaziweka. Ni pesa zilezile, dada! Sijaiba!"

"Hakuna aliyesema umeiba. Nijibu: abiria kumi na wanne wamepanda basi lako. Saba wakashuka. Saba wengine wakapanda. Ndani wako wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Na waliopanda jumla?"

Method alianza kuhesabu kwa vidole.

"Ishirini na mmoja," alisema Eufrasia.

"Basi. Ofisi ya kodi inahesabu wanaopanda. Mwaka wake unaanza tarehe sita Aprili, unaisha tarehe tano Aprili. Mwezi wa tano uliweka kumi na nne. Mwezi wa kwanza ukaweka saba kwenye benki ya pili. Hizo kwao ni pesa mpya."

"Na kama ningezirudisha benki ileile?"

"Baadhi ya akaunti zinaruhusu kutoa na kurudisha ndani ya mwaka uleule, nyingine haziruhusu. Uliza benki kabla ya kutoa. Na ukitaka kuhama benki, usibebe pesa mwenyewe. Jaza fomu ya kuhamisha kwenye benki mpya, wao watazivuta. Hapo hazihesabiwi upya."

"Nilitaka kuzitoa zote leo," Method alisema kwa sauti ndogo.

Bhavini aliweka barua mezani.

"Ungejikata mwenyewe, shemeji! Kosa lingebaki palepale, na elfu kumi na nne nzima zingetoka kwenye kinga ya kodi. Iliyozidi ni elfu moja tu. Usiiguse. Wapigie, namba ni hii hapa."

"Wakinifunga?"

"Kwa kumzika Geofrey? Piga."

Method alipiga. Muziki wa kusubiri ulichukua dakika ishirini na tano. Hatimaye mwanamke akapokea. Method alieleza msiba, michango, benki mbili. Yule mwanamke aliuliza tarehe, akaandika. Mwisho alisema wataiandikia benki ya pili iondoe ile iliyozidi pamoja na riba yake.

"Riba ya elfu moja ni kama pauni arobaini," Bhavini alisema simu ilipokatwa. "Kwa mshahara wako, riba ya kawaida isiyozidi elfu moja kwa mwaka haitozwi kodi. Kwa hiyo utalipa nini? Huenda usilipe kitu. Na wewe dada, ISA yako iko wapi?"

"Yangu? Si tuna ya Method?"

"Hakuna ISA ya pamoja ya mke na mume. Kila mtu na yake, kila mtu na kiwango chake. Na kila Aprili angalieni sheria upya, maana hubadilika."

Wiki ile Eufrasia alifungua ya kwake. Method naye alifungua akaunti ya kawaida ya jumuiya, yenye saini tatu, kwa ajili ya misiba tu.

Mwezi uliofuata bahasha nyingine ya kahawia ilianguka mlangoni. Method aliiokota. Akaifungua palepale, amesimama, koti likiwa bado mwilini.

"Wanasema nini?" Eufrasia aliuliza kutoka jikoni.

Method alisoma mara mbili.

"Wamerekebisha. Hatudaiwi."

Alikwenda jikoni, akaibandika barua kwenye mlango wa friji, mahali ambapo kila mtu angeiona. Kisha akachota mchele.