Aliyeazima Sauti ya Bibi

Fundi cherehani aliinua mguu kwenye kanyagio, lakini mlio wa cherehani haukukoma.

Aliitazama sindano. Ilikuwa imetulia, imezama kwenye kola ya shati la shule, na gurudumu halizunguki. Hata hivyo ule mlio uliendelea, sasa ukitokea chumba cha nyuma, ambacho hakuna aliyekitumia tangu mama mkwe wake afie humo. Ilikuwa mchana kweupe, jirani anaanika nguo huku akiimba. Fundi alijiambia ni panya. Akaongeza sauti ya redio, akarudi kwenye kola yake.

Kisha ikaja harufu, ya shuka lililolowa mkojo, na juu yake dawa ya kuchua. Alipiga deki mpaka mikono ikachubuka, harufu ikabaki palepale. Mumewe, mchomeleaji wa mageti, aliporudi kutoka karakana alisimama mlangoni akakunja pua.

"Mama Kidoti, nani kalowesha godoro?"

"Godoro gani? Si tulilichoma?"

Mume alinawa mikono. Alikula akiwa amekipa kisogo kile chumba.

Kidoti alikuwa binti yao wa pekee, mwanafunzi wa darasa la pili, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi juu ya mdomo wake. Siku moja alirudi kutoka shule, akavua viatu, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma na kujilaza sakafuni. Upande wake wa kushoto ukawa mzito kama gogo, mdomo ukapinda, na humo kinywani ikatoka sauti ya kikongwe:

"Mkwe wangu... maji. Maji kidogo tu."

Mama yake alifunga mlango. Hicho ndicho kilichomtisha baadaye kuliko sauti yenyewe, jinsi mkono wake ulivyokwenda kwenye kitasa kwa mazoea, kabla hajafikiri lolote. Ndipo akaufungua tena, akipiga yowe.

Hospitali walimpima mtoto, hawakuona kitu. Kila adhuhuri hali ilirudi. Majirani wakanong'ona kwamba hilo ni jini, tena lina ugomvi na nyumba. Akaitwa mhubiri mmoja mwenye spika kubwa, akakemea mpaka sauti ikamkauka. Kidoti akamwita kwa kidole, akamnong'oneza sikioni maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia. Mhubiri alikunja nyaya zake, akasema amekumbuka ana msiba, na hawakumwona tena.

Ndipo wakamwendea mwinjilisti wa kanisa lao, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini kiasi kwamba wanakwaya walimwita Mama Taratibu. Alikuja na Biblia iliyofungwa kwa mpira, akaomba kigoda, akakaa karibu na kichwa cha mtoto.

"Huyu si marehemu," alisema. "Marehemu yuko mikononi mwa Mungu. Huyu ni pepo, ameazima sauti tu. Ila nataka kujua, ndani ya nyumba hii amepata wapi pa kushika?"



Mama Taratibu alisoma zaburi ya Daudi, ile aliyoomba baada ya dhambi yake kufichuliwa, mtu akimsihi Mungu amwoshe kwa sababu kosa lake halimtoki machoni. Akafungua Waraka wa Yakobo, pale tunapoambiwa tuungame sisi kwa sisi ili tuponywe. Hakukemea. Alisoma kama anayemsomea mgonjwa.

"Muulize mama yake," likasema jini kwa sauti ya kikongwe. "Muulize alikuwa anashona nini."

Fundi cherehani akapiga magoti.

"Mama mkwe aliniita," alisema. "Kiharusi kilikuwa kimemlaza. Aliniomba maji. Kila nikimpa maji analowesha shuka, na nilikuwa nimechoka, Mama, nimechoka kufua. Nikafunga mlango. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu nisimsikie. Nilipokwenda nilimkuta ameanguka kutoka kitandani, uso sakafuni, ameshapoa. Nikamrudisha kitandani. Nikasema amefia usingizini. Mungu nisamehe."

"Ulimuua mama yangu!" Mume aliruka juu.

Jini likacheka, na kicheko hicho hakikutoka tena kinywani mwa mtoto bali kwenye kuta, kwenye dari, chini ya sakafu, huku harufu ya mkojo ikipanda hadi macho yakawatoka machozi, na mlio wa cherehani ukaja kwa kasi ambayo mguu wa binadamu usingeiweza, na Kidoti akaanza kuwa mweusi midomoni, kifua chake kikididimia polepole kama kuna mtu mzima amekikalia.

"Bado mmoja," likasema.

Mama Taratibu alimgeukia mume. "Mwanangu, mtoto anakufa. Sema."

"Mimi sikuwepo!"

"Sema."

Mchomeleaji alimwangalia bintiye, akapiga magoti kando ya mkewe.

"Nilirudi mchana ule kuchukua glavu," alisema. "Nilipita uani, chini ya dirisha lake. Nikamsikia. Aliniita kwa jina aliloniitia utotoni. Nikajua nikiingia nitambadilisha nguo mimi. Nikasema mke wangu yupo. Nikaondoka kwa kunyata. Ee Mungu, nilinyata."

Mama Taratibu aliwawekea mikono vichwani, akaomba kwa maneno machache, kisha akamwambia pepo atoke kwa jina la Yesu, kwa sauti ileile ya chini. Dirisha likajibamiza. Kidoti akavuta pumzi ndefu, akalia kama watoto wanavyolia, akamtaka mama yake.

"Mungu amewasikia," alisema mwinjilisti huku akivaa viatu. "Lakini kuna mwenzenu mliyemwambia mama alikufa usingizini."

Huyo alikuwa dada mkubwa wa mume. Aliomba mara nyingi akamuuguze mama kwake, na mdogo wake akakataa, akiogopa watu watasema ameshindwa kumtunza mzazi.

Walikwenda kesho yake, wamemshika Kidoti mkono. Dada aliwasikiliza akiwa amesimama barazani, kitambaa cha vyombo begani. Hakuwakatiza. Walipomaliza alimgeukia mtoto.

"Shangazi yako amepika," alimwambia. "Njoo ule." Kisha, bila kuwaangalia wale wawili: "Ninyi kaeni hapo."

Wakaingia. Mume alitaka kuwafuata, mkewe akamshika mkono.

"Acha. Tukae."

Wakakaa kwenye ngazi, jua likiwapiga usoni. Walimsikia Kidoti akisimulia kitu cha shule, akicheka. Halafu wakamsikia dada akianza kulia, kilio cha msiba kinachoanza upya, na hakuna kati yao aliyethubutu kusogea.