Kondoo Watano wa Mzee Idwal

"Mwambie binti yako amfungie huyo mbwa wa jalalani!" Mzee Idwal alifoka kutoka upande wa pili wa ukuta wa mawe. "Leo tena kamkodolea macho mbwa wangu jike!"

"Kukodoa macho nako ni kosa?" Glenys alimjibu, ndoo ya maziwa mkononi. "Basi wewe ungefungwa siku nyingi."

Sisi tuliokuwa tukipita tulipunguza mwendo. Nani apitwe na uhondo kama ule?

"Hana baba, hana mama, hana cheti!"

"Cheti atapata. Jumamosi mkaguzi wa chama cha mbwa wa kondoo anakuja."

"Cheti? Mbwa wa kuokota?" Idwal akacheka mpaka akakohoa.

Mared, binti wa Glenys, aliyasikia yote akiwa bandani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi, kabla ya basi la shule, alimlisha Pero, mbwa aliyemkuta miaka miwili nyuma amefungwa kamba kwenye machimbo ya zamani, mbavu zikihesabika. Alimfundisha kuchunga kondoo kwa mluzi, hatua kwa hatua, mvua na jua. Alitaka kitu kimoja tu: kuingia naye kwenye mashindano makubwa ya mbwa wachungaji ya Agosti. Lakini asiye na cheti haingii, na mbwa asiyejulikana ukoo hupewa cheti pale tu mkaguzi anapomwona akiwachunga kondoo wa nyumbani kwake, akaridhika. Daktari wa mifugo alikisia kuwa Pero ana miaka tisa. Ni Agosti hii, au basi.

Jumamosi asubuhi hofu ilimshika. Kondoo wao walikuwa wa mlimani, wakorofi, wakiona mbwa hutawanyika kama mbaazi zilizomwagika. Idwal alikuwa na watano aliowatumia kufundishia mbwa wachanga. Hao walishazoea, hata ukiwafuata na ufagio wanakwenda. Mama alikuwa jikoni anaoka mkate. Mared akafungua lango dogo la ule ukuta wa mawe, akawaswaga wale watano hadi kwenye malisho ya kwao.

Mkaguzi, Bi Gwenllian, alikuwa mama mfupi mwenye fimbo na maneno machache. Mared akapiga mluzi. Pero akazunguka kwa mbali, akalala, akanyanyuka, akawaleta kondoo polepole hadi zizini. Hakuna hata mmoja aliyegeuka nyuma. Glenys, aliyekuwa ametoka na aproni yake, alishindwa kuficha tabasamu.

Bi Gwenllian akaingia zizini, akamkamata kondoo mmoja.

"Mama Mared, mkato wa masikio ya kondoo wenu ni upi?"

"Ncha ya sikio la kushoto imekatwa," Glenys alijibu kwa fahari.

"Huyu ana tundu sikio la kulia. Na huyu. Na huyu."

Kwetu kila nyumba ina mkato wake wa kutambulisha kondoo, na mtoto hujua mikato ya majirani kabla ya kujua kusoma. Mared alidhani mkaguzi, mtu wa bonde jingine, hatajali sikio la nani ni la nani. Tabasamu la mama yake likazimika.

"Ni wa Mzee Idwal," Mared alisema. "Niliwachukua mimi. Mama hakujua."

Bi Gwenllian alikunja karatasi zake.

"Pengine nimeona mbwa mzuri. Pengine nimeona kondoo wapole tu. Sijui, na wewe ndiye uliyenizuia nijue. Uombe tena mwakani."

"Mwakani atakuwa mzee, Bi."

"Najua, mwanangu. Sikiliza. Mbwa mwenye ukoo ana wazazi wa kumsemea. Huyu wako ana neno lako tu, na leo umelichafua. Mwenye kitu kizuri hana haja ya kukipamba kwa uongo."

Gari lake liliposhuka bonde, Glenys alimwambia bintiye awateremshe kondoo wao wenyewe. Mared alipiga mluzi huku akilia. Wale wakorofi ishirini walitawanyika. Pero akawazungukia, akawakusanya, akawaingiza zizini bila kumpoteza hata mmoja.

"Angefaulu," Glenys alisema. "Sasa warudishe wa watu, ukamwambie mwenyewe."

Idwal alikuwa mlangoni anavua viatu. Hakuwa hata amejua kwamba kondoo wake hawapo. Mared alimweleza yote, la kwanza mpaka la mwisho, akitazama matope.

"Kwa hiyo hakupata cheti."

"Hakupata. Nisamehe, Mzee Idwal."

"Kuchukua kondoo mwenye alama ya mtu ni wizi, unajua?"

"Najua."

Sisi majirani tuliokuwa tukichungulia ukutani tulingoja atukane, maana tulimjua. Kutoka ndani mkewe, Bi Beti, alipiga kelele, "Idwal, supu inapoa! Unabishana na nani tena?"

"Na mtoto wa Glenys. Kaja kusema kosa lake mwenyewe." Akajikuna kidevu. "Hata watu wazima wa bonde hili hilo linawashinda."

Akakiweka kiatu chini, akausukuma mlango kwa bega.

"Futa miguu," alisema. "Ingia ule."