Kigingi cha Haji Jabir

Injini hulala na plagi yake mdomoni. Fundi anayeegesha pikipiki kwa muda mrefu huiacha plagi pale pale, na akiwa mvivu sana huziba tundu kwa tambara. Ile ya marehemu Haji Jabir haikuwa na plagi wala tambara. Ilikuwa na kigingi cha mti kilichovishwa ngozi ya ngamia, na ngozi yenyewe imeshonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo ya mtu asiye na haraka.

Humed alikitazama akacheka. Alikuwa fundi wa pikipiki kuukuu hapa Massawa, mji wa pwani ambamo chumvi hula chuma hata kikiwa kabatini, na watu walisema haijazaliwa injini ya kumshinda. Sifa hiyo aliipenda kupita kiasi.

"Baba yako alikuwa na mambo," alimwambia mkewe. "Kashona injini kama mto!"

Saadia hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi tisa, ya kwanza kufika huko baada ya mbili kuharibika. "Baba aliiegesha mwaka niliozaliwa mimi," alisema. "Hakuipanda tena mpaka tunamzika, na sisi alitukataza hata kuigusa. Iache, Humed."

"Mwambie kaka yako aiache."

Kaka yake, Nuraddin wa Asmara, ndiye aliyerithi pikipiki ile ya Kiitaliano, na tangu siku ya posa alimhesabu Humed kuwa doa katika ukoo. Aliileta kwa lori, akaiacha mlangoni na maneno haya: "Ukiiwasha nitakuita fundi, shemeji. Usipoiwasha, nitaendelea kukuita unavyostahili." Maneno yale yalimkaa Humed kama mwiba wa samaki kooni. Akakibana kigingi kwa koleo, akakizungusha, akakivuta. Kilitoka na pumzi ndefu, nacho kilikuwa cha moto. Alijiambia kwamba Massawa kila kitu ni cha moto.

Pistoni ilikuwa imenata. Alimimina dizeli iliyochanganywa na oili kupitia tundu la plagi, akaiacha iloweke hadi kesho yake. Asubuhi silinda ilikuwa kavu, na chini hakukuwa na tone hata moja. Akamimina tena, ikanywa tena. Siku ya tatu aliingiza gia, akalishika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, akalisukuma mbele na nyuma kwa nguvu zake zote, na hapo akahisi kitu ndani kikilivuta gurudumu kulirudisha. Kutu hukataa tu. Haijawahi kumvuta mtu.

Angekuwa na akili siku hiyo, angekirudisha kigingi. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na la mtu mwenye hasira ndiyo kabisa.

Saa saba mchana Massawa hujifunga. Jua huwafukuza hata paka barabarani, na wazee husema saa hiyo si yetu. Humed peke yake alikuwa macho, kiwandani mwake nyuma ya nyumba, na sufuria ya oili ikichemka juu ya jiko la makaa, maana chuma kikikataa ubaridi hupewa moto. Simu ikalia. Alikuwa Nuraddin.

"Vipi, fundi wa baiskeli? Imekushinda?"

"Leo inazunguka."

"Ulisema hivyo juzi. Nitakuja niichukue, nimpe mtu anayejua kazi. Wewe endelea kuziba pancha."

Akakata simu huku anacheka. Sasa, hapa kwetu hakuna anayemwaga kitu cha moto, hata maji ya kuoshea sufuria, kabla hajasema "Dastur", yaani ruhusa, wenyewe msioonekana, tupisheni. Watoto hulijua neno hilo kabla ya kujua kuhesabu. Humed naye alikuwa akilisema kila siku ya maisha yake. Siku hiyo mdomo wake ulikuwa umejaa jina la shemeji yake na matusi juu yake, na akiwa katikati ya tusi aliinua sufuria, akamimina oili yote ndani ya tundu.

Harufu ndiyo iliyotangulia, ya nywele zilizoungua na maziwa yaliyochacha, kisha kukatoka ndani ya silinda sauti nyembamba ya mwanamke, sauti iliyopanda bila kuvuta pumzi mpaka spana zikatetemeka ukutani, na gurudumu la nyuma, ambalo siku tatu lilikuwa limegoma, likaanza kuzunguka lenyewe, kwanza polepole, kisha kwa kasi, na pistoni ikipanda na kushuka bila mkono wa mtu, na kila ilipopanda tundu lilimpulizia Humed usoni pumzi ya moto, mpaka lilipopuliza mara ya mwisho, na kitu kisichoonekana kikampita begani kuelekea mlango wa nyumba. Gurudumu likasimama. Ndani, Saadia aliita jina lake, mara moja tu.

Uchungu ulikuwa umeanza. Mkunga, Bi Zeinab, muuguzi aliyezalisha nusu ya mtaa ule, alifika upesi, na kufikia jioni uso wake ulikuwa umebadilika.

"Njia imefunguka," alinong'ona. "Kichwa nakigusa. Lakini nikimvuta, kuna anayemvuta kumrudisha."

Walimwinua Saadia wampeleke hospitali, na mapigo ya mtoto yakazimika, wakamlaza, yakarudi. Walijaribu mara ya pili, yakazimika tena. Bi Zeinab hakuthubutu mara ya tatu. Akaagiza aitwe Mama Fatna, mzee anayejua kusema na wasioonekana.

Mama Fatna alikuja na buli lake la kahawa na ubani kwenye kitambaa. Kabla ya kuketi alinusa hewa, akamgeukia Humed.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Mama."

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Na leo anayetaka kuzaa ni mkeo."

Humed akaenda kukileta kigingi, akarudi akieleza yote kwa aibu. Mama Fatna alipoiona ngozi, akaketi ghafla.

"Mishono hii ni yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Haji Jabir alikuwa akipita barabara ya Ghinda saa ya mchana, akagonga kitu kidogo asichokiona. Alikuwa mtoto wa jini, na mama wa mtoto huyo akamfuata Haji mpaka nyumbani, akaishika injini, hakuiachia. Nikamfungia humo humo. Nilimwambia Haji asiifungue mpaka kiyama."

Alikaanga kahawa, akachoma ubani, akamnywesha Saadia kikombe cha kwanza. Saadia akafumbua macho, nayo hayakumtambua mtu.

"Nani anakunywa?" aliuliza Mama Fatna.

"Mama."

"Mama wa nani?"

"Wa yule mliyemgonga." Sauti ilikwaruza, kavu. "Mlimuua mwanangu, nikanyamaza gizani. Sasa mmeniunguza mwenyewe. Nataka mtoto."

Kikombe cha pili. Mama Fatna alimbembeleza, akamtukana, akambembeleza tena. "Nyumba yako ipo, dada. Rudi."

"Nyumba inang'aa. Ina mafuta yake. Airudishe ilivyokuwa, yeye aliyeiharibu."

Wote wakamtazama Humed. Akatoka mbio na ndoo, akachota maji ya bahari, akafungua injini ile ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa ikizunguka laini mkononi mwake, akamwaga humo maji ya chumvi, mchanga na konzi za kutu alizokwangua kwenye vyuma chakavu, na akalia alipokuwa akifanya hivyo, kwa hofu na pia kwa uchungu wa fundi, sina sababu ya kumsitiri. Akarudi akiwa amelowa mpaka kifuani.

"Tayari," alisema.

Kikombe cha tatu kwetu huitwa baraka, na anayekinywa amefunga neno. Ile sauti ilikinywa chote, kisha ikasema taratibu: "Mkiniunguza tena, sitabisha hodi. Nitamchukua mtoto huyu, awe wangu, popote alipo."

Hewa ya chumba ikapoa. Mama Fatna akakimbilia kiwandani na kigingi chake na nyundo, na pigo la mwisho la nyundo lilipolia, mtoto akatoka, wa kiume, akipiga kelele. Bi Zeinab aliangua kilio kama aliyezaa yeye.

"Isitoke machoni pako," Mama Fatna alimwonya Humed. Humed akaifunga pikipiki kwa mnyororo kwenye nguzo, akaifunika magunia. Akampigia Nuraddin simu, akamweleza kila kitu bila kuficha, hata yale ya kujiaibisha.

Nuraddin alicheka mpaka akakohoa. "Yaani umeshindwa, sasa unawasingizia mashetani? Na dada yangu umemtia humo humo?"

Siku ya saba walimpa mtoto jina la babu yake, Jabir. Tangu alfajiri Humed alikuwa akihangaika na mbuzi, sufuria na wageni, akasahau kuchungulia kiwandani. Nuraddin hakutokea, na Humed, Mungu amsamehe, alishukuru. Mchana, wanawake wakiwa wanamzunguka Saadia na kahawa ya kikombe cha tatu, simu ikalia.

"Hongera ya mtoto, shemeji," alisema Nuraddin. "Nilipita kwenu usiku na lori, sikutaka kuwaamsha. Mnyororo wako nimekuachia."

Humed akasimama katikati ya ua. "Iko wapi?"

"Asmara, kwa fundi wa kweli. Kile kijiti chenu kaking'oa kwa dakika mbili. Sasa kabandika oili jikoni. Sikiliza inavyochemka."

Akaisikia. "Asimwage! Nuraddin, nakuangukia miguuni. Wewe ndiye fundi, wewe ndiye mwanamume, mimi niite upendavyo. Asimwage!"

"Humed, watu wanakusikia."

"Basi aseme Dastur! Neno moja tu, kaka yangu. Mwambie aseme Dastur kwanza!"

"Amwombe ruhusa nani? Pistoni?" Nuraddin akacheka, akamgeukia fundi wake. "Mimina, bwana."

Humed alisikia mafuta yakimiminika, kisha kelele za furaha. "Imeachia! Unasikia, shemeji? Imeachia! Tena inazunguka yenyewe!"

Uani harufu ya ubani ilifunikwa na ya nywele zilizoungua. Vigelegele ndani vikakatika, na Saadia akaita jina la mumewe, mara moja tu.