Mwanamke wa Wimbo wa Sita

"Huyo mwanamke ni nani?"

Mtu wa upande wa pili wa simu alikuwa hajamaliza hata kusema haloo.

"Mwanamke gani, mke wangu?"

"Mke wangu iache. Anayeguna nyuma ya gitaa lako, wimbo wa sita."

Fundi wa sauti aliweka simu kwenye spika, kando ya mitambo ya studio. Miezi saba sasa tangu mumewe, mpiga gitaa, ahamie shamba kurekodi albamu ya kuuaga mji: gitaa kavu lisilo la umeme, filimbi, mvua juu ya bati, sauti zilizovutwa na kupinduliwa mpaka msikilizaji ajione anaota macho wazi. Yeye alikataa kuhama. Kazi yake ilikuwa mjini. Ila kuzichanganya sauti za nyimbo hizo studioni alikubali. Tano za kwanza alizisikiliza akitabasamu peke yake. Ya sita ikamkata maini.

"Iongeze kasi mara mbili," mumewe alisema taratibu. "Utamjua."

Akaiongeza. Ule mguno mzito ukapanda, ukawa mwepesi, ukawa maneno: "Nenda basi. Mimi huko siwezi."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, asubuhi ile ya kufunga mizigo.

"Ulinirekodi tukigombana?"

"Nilikuwa najaribu gitaa, kinasa sauti nikakisahau kimewaka. Nimekuja kugundua huku. Nikawa nakusikiliza kila siku."

"Mimi nimekataa kuhama, wewe ukanihamisha hivyo hivyo. Bila kuniuliza."

"Nimekosa. Nilikuwa na hamu na wewe, sikujua niseme vipi."

"Ungesema hivyo ulivyosema sasa."

Akakata simu. Akairudia ile sehemu mara tatu. Siku zote aliamini kwamba asubuhi ile alisema kwa hasira. Hasira haikuwamo. Aliyekuwa akiongea pale ni mtu mwenye hofu, na mumewe alikuwa ameisikia hofu hiyo miezi saba mizima.

Akaandika: "Nimeifuta sauti yangu. Wimbo unapwaya."

Jibu likaja papo hapo: "Acha upwaye. Ni haki yako."

Kisha akaandika tena: "Ijumaa nakuja. Jumatatu narudi kazini. Usiniandalie maisha, niandalie pa kulala."

"Kitanda ni kimoja."

"Nimekuuliza idadi?"

Ijumaa alishuka kwenye basi na begi dogo. Mumewe alikuwa amekonda, amenyoa ndevu vibaya, shati lina tope kiwikoni. Alilipokea begi, akatangulia njia ya nyumbani. Nyumbani, waya na vinasa sauti vilitapakaa sakafuni kama vitu vya mtu anayeishi peke yake.

"Naomba kukurekodi," mumewe akasema. "Safari hii nauliza."

"Bado. Leo tuongee tu."

Wakaongea mpaka chai ikapoa. Nani amfuate nani, hilo halikuisha. Jumatatu fundi wa sauti alirudi mjini na funguo za nyumba ya shamba mkobani.

Ijumaa iliyofuata, aliyepanda basi ni mumewe.