Fondo Anunua Hisa

Fondo na mkewe Mbeyu wanalima mahindi na mihogo kule Marafa. Shamba lao si kubwa, lakini linawalisha wao na watoto wao.

Mwaka jana Fondo alipigiwa simu na binamu yake Masha, anayeishi Mtwapa. Masha alikuwa amenunua hisa za kampuni moja. Mwenye hisa humiliki sehemu ndogo ya kampuni. Bei ya hisa hizo ilikuwa ikipanda kila wiki, na Masha alikuwa amekopa kwa simu ili anunue nyingi zaidi.

Fondo akaingiwa na tamaa. Akataka kuweka shamba rehani benki, apate mkopo, naye anunue. Mbeyu alikataa kutia sahihi. Wakanuniana. Mwisho wakakubaliana wamwulize jirani yao, Mama Zipporah, aliyefanya kazi miaka mingi katika chama cha akiba na mikopo.

Mama Zipporah hakuwacheka. Aliwasimulia yaliyotokea Marekani mwaka wa 1929. Bei za hisa zilikuwa zimepanda sana, na watu wengi walikopa ili wanunue. Kisha bei zikaanguka ghafla. Hisa zilipoteza thamani, lakini madeni yalibaki vilevile. Baadaye benki nyingi zilifungwa, na watu wakapoteza akiba zao.

"Hayo ni ya zamani, mama," Fondo alisema. "Siku hizi kuna sheria."

"Ni kweli, mwanangu. Siku hizi benki ikifungwa, kuna bima ya kulinda akiba yako, hadi kiwango fulani. Soko la hisa nalo lina wasimamizi. Lakini hakuna sheria inayozuia bei kushuka. Tena siku hizi mtu anakopa akiwa kitandani mwake."

Mbeyu aliuliza kama hisa ni kitu kibaya.

"La. Nunua kwa pesa ambazo hata zikipotea, watoto watakula. Usiziweke zote katika kampuni moja. Na shamba msiliguse."

Fondo hakufurahi, lakini maneno yale yalimwingia. Walitenga kwanza pesa za chakula na karo. Baada ya mavuno, wakanunua hisa chache za kampuni mbili.

Mwaka huu, kabla ya mvua, bei zilianguka. Fondo alisoma habari hizo kwenye simu akiwa shambani. Akaketi papo hapo juu ya tuta.

"Ungetia sahihi, leo tungekuwa wapi?" Fondo alimwuliza Mbeyu, aliyekuwa akilima karibu naye.

"Popote, ila si hapa," Mbeyu alijibu, akaketi kando yake. Wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Masha alipoteza karibu kila kitu, na deni likabaki. Fondo na Mbeyu walimwita Marafa, wakamgawia kipande cha shamba alime mpaka amalize kulipa. Mahindi yake sasa yanafika kiunoni.

Fondo bado ana hisa zake chache. Bei ikishuka, yeye hulala usingizi mzuri, maana hakuna anayemdai.