Tongo za Mbwa wa Abduba

Mshale wa mashine uliruka taa ikiwa imezimwa.

Abduba aliuona, na daktari aliyemwajiri pia. Huyu daktari wa mifugo, mzungu, watu wa Garsen walimwita Bwana Macho, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwachoma mbwa dawa ya usingizi, kuwabandika waya jichoni na kuwamulika, apime dawa inavyolidhoofisha jicho. Mwanga ukipiga, mshale huruka. Dawa ikizidi, hulegea. Gizani hutulia. Mbwa wote walikuwa hivyo isipokuwa huyu wa leo, na huyu alikuwa wa Abduba mwenyewe.

Alimleta kwa hasira. Wiki nzima mbwa alisimama mlangoni akibweka, na mtoto wao mchanga, Asli, halali. "Mtoe," mkewe Dahabo alisema. Akamtoa, baba mwema.

"Mashine mbaya," daktari akanong'ona. "Ongeza dawa."

Dawa ikaongezwa, mshale ukazidi kuruka. Chumba kikanuka kwato zilizoungua. Abduba akazifuta tongo za mbwa, kisha, jasho likimwasha, akajifikicha jicho kwa kidole kilekile, jambo ambalo hata mtoto wa Kiorma angemkanya, maana mbwa huwaona majini na anayejipaka tongo zake huona anachokiona yeye, naye akaona: mwanamke mrefu ameinamia meza, mgongo unagusa bati, kiganja kimemfumba mbwa mdomo, anamchungulia macho kuhakikisha amelala kweli, kisha ananyooka, anapita ukutani na kushika njia ya nyumbani kwa Abduba.

Akamshika daktari mkono.

"Mwamshe, bwana. Mwamshe abweke."

"Mbwa hii hapana amka tena," daktari akasema, akichukua kisu. "Mimi nataka macho yake."

Abduba akakimbia. Alimkuta Dahabo mlangoni, anatabasamu, kidole mdomoni.

"Polepole, baba Asli. Amelala. Tangu umpeleke yule mbwa, hajalia hata kidogo."

Ndani, kitandani, yule mwanamke alikuwa amempakata Asli, kiganja kilekile kimeufunika uso wa mtoto, na miguu midogo haitikisiki tena. Alimtazama Abduba kwa utulivu. Kisha naye akaweka kidole mdomoni.